Miguu ya Mama Juu ya Viazi vya Baridi

Kijijini Wila Pampa,
karibu na Patacamaya, Bolivia.
11 Juni

Mpendwa Mjomba Fortunato,

Shikamoo. Salamu hiyo nimeiandika kwa sababu tu Mama amekaa hapa jikoni ananitazama. Mgongo wako unaendeleaje? Mkeo, Mama Hortensia, na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila baridi imeingia, na ujumbe wako wa simu umeingia pamoja nayo.

Nimeusikiliza. Hata jirani ameusikia, kwa jinsi ulivyopaza sauti. "Dada Eusebia, mkanye huyo binti yako! Watu wa huku Buenos Aires watuone tunakanyaga chakula kwa miguu mitupu? Shamba ni langu, sitaki kamera shambani kwangu!" Kisha, bila haya, ukampigia na kiongozi wa kijiji atuzuie.

Mjomba, nimekasirika na sitakuficha. Mama akikanyaga viazi, hiyo ndiyo filamu yangu ya kumaliza chuo. Ni fupi, lakini bila hiyo sihitimu, na nimeipanga tangu viazi vikiwa ardhini. Unajua, au zamani ulijua, kwamba chuño, viazi vyetu vya kukausha kwa baridi, haina mazoezi. Viazi vinatandazwa nyasini, vinalala nje mpaka vigande, asubuhi jua likivilegeza vinakanyagwa maji yatoke. Vikishakanyagwa, basi. Siwezi kumwambia Mama arudie eti kwa sababu mpiga kamera alipiga chafya. Na baridi hii ikipita, nyingine ni mwakani.

Huyo mpiga kamera ni Rolando, mwenzangu chuoni, mzaliwa wa Santa Cruz kwenye joto. Amefika na soksi mikononi. Mama amemwuliza, "Mwanangu, umekuja kupiga picha au kuanika nguo?" Lakini betri zetu zilipoanza kufa kwa baridi, Mama huyohuyo alizifunga kwenye shali lake, akawa anazunguka nazo kifuani huku akipika. Mama anafurahi, Mjomba. Amefua sketi yake nzuri. Wewe unataka kumnyang'anya furaha hiyo kwa simu.

Kiongozi wa kijiji alikuja jana, amekunja uso. Mama hakumkaribisha hata kiti. "Mwambie Fortunato akitaka kutuzuia aje mwenyewe, avue viatu, aingie shambani." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaomba chai, akaenda zake. Kwa hiyo Jumamosi tunapiga picha. Sikuombi ruhusa, nakupa habari.

Na kwa kuwa umelitaja shamba lako, nalo tuliseme. Kila mwaka Mama anatandaza viazi vyako pembeni, mbali na vyetu. Anakanyaga vyetu kwanza, halafu, miguu imeshakufa ganzi na visigino vimepasuka, anaingia kwenye vyako. Nilimwambia aviache, mwenyewe hayupo. Akanijibu, "Ni mdogo wangu. Kule atakula nini?" Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Miguu unayoionea aibu ni hiyo.

Nisalimie Mama Hortensia, na umwambie binti yako Yesica kwamba kitambaa alichonitumia nakivaa. Bibi Paulina, jirani yetu, anakusalimu; anauliza utakuja lini, nami nimechoka kumdanganya. Mungu akulinde, na Pachamama, mama yetu ardhi, pia, kama bado mnasalimiana.

Gunia lako la chuño ya baridi iliyopita linapanda basi pamoja na barua hii, kama kila mwaka. Barua nimeishona mdomoni mwa gunia makusudi, uisome kabla hujakata kamba. Kama miguu ya dada yako inakuaibisha, usilifungue. Mrudishie dereva huyohuyo, nami nitamwambia Mama umeshiba.

Mpwa wako, anayekupenda huku ameuma meno,

Vilma