Gunia Lililoota Kichwa

Jumamosi, mwezi wa saba. Mbeya. Baridi kali, na ukungu bado haujaachia mlima.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba sana, usimwambie mtu. Usiitume kwenye kundi lolote, usipige picha ya skrini. Na kama unafanya kazi jengo moja na mimi na umeshanitambua, tafadhali jifanye hujanitambua. Jumatatu nisalimie kama kawaida.

Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uchumi.

Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikairudisha. Nafasi yenyewe ina sharti. Shahada yangu ya kwanza si ya uchumi, kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi wa nane natakiwa kupeleka vyeti vya kozi tatu za msingi: kanuni za soko, uchumi wa taifa na takwimu. Kikikosekana kimoja, nafasi anapewa mwingine.

Kuna chuo hapa mjini kinafundisha zote tatu jioni. Ada yake ni mshahara wangu wa miezi mingi, na darasani ningekutana na nusu ya ofisi. Nikahamia mtandaoni. Huko nimejifunza kwamba bure ina ngazi zake. Ipo bure ya kutazama video, ipo bure ya siku saba, halafu kipo cheti, ambacho si bure kabisa. Mwishowe nikapata mahali ambapo ukijaza fomu na kueleza hali yako, wanakusamehe ada ya kozi mbili. Niliijaza kwa uangalifu kama hati ya kiapo. Wakakubali.

Uchumi wa taifa nimemaliza. Kanuni za soko ndizo zimenikwamisha.

Mtihani wa mwisho unaruhusiwa kufanya mara tatu tu. Nimefeli mara mbili, kila mara kwa alama moja. Nikifeli ya tatu naanza kozi upya, na wiki za kuanza upya sina.

Jana mchana, wakati wa chakula, nilikuwa nimeinamia simu nikitazama alama nyekundu kwenye swali lililoniangusha. Mama Rehema, mkuu wetu wa masjala, akapita nyuma yangu.

"Binti, unasoma meseji za mchumba au unasali?"

"Nasali, mama."

"Basi utuombee na sisi, majalada yamejaa."

Nilicheka naye, nikageuza simu kifudifudi. Siku nikiomba ruhusa ya masomo, barua yangu ataifungua yeye. Karani wa masjala kama mimi hagusi jalada lake mwenyewe. Kuna mwenzetu aliwahi kutangaza anakwenda kusoma, safari ikafa, na mpaka leo anaitwa Profesa. Hata wageni wanamwita hivyo, wakidhani ni jina lake. Sitaki kuwa Profesa wa pili.

Swali lenyewe ni fupi. Mavuno yakiwa mengi na wanunuzi ni walewale, bei inakuwaje? Nilijibu haibadiliki. Mara ya pili nikarudia jibu lilelile, kwa sababu nilikuwa na hakika. Mimi, ambaye hurudi mara mbili kutazama kama nimefunga mlango.

Na maishani hiyo si mara ya pili kujibu hivyo. Ni ya tatu.

Kidato cha tano, Iringa mjini, nilipangiwa mchepuo wenye uchumi. Nilifika na sweta moja jembamba, nimetoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, na ile baridi ya juu kilimani ilinifanya nilale na soksi. Jaribio la kwanza liliuliza karibu hivyohivyo. Nilijibu hivyohivyo, nikatoa mfano wa soko letu la vitunguu kando ya barabara. Mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa, akasema, "Soko lako la barabarani halimo kitabuni, binti." Darasa likacheka. Baada ya wiki mbili nilihamia historia na lugha, na nyumbani nilisema nafasi za uchumi zilijaa.

Sikuwahi kumwambia mtu kwa nini niliondoka. Wewe ndiye wa kwanza.

Lakini lile soko nalikumbuka leo kuliko darasa. Mama akiwa amepiga magoti mbele ya gunia la vitunguu, sindano kubwa ya gunia mdomoni. Malori yamepaki, madereva wanajinyoosha. Mimi nimekaa juu ya debe, daftari mapajani, na kurasa zote zinanuka vitunguu. Natamani kulinusa tena daftari moja tu.

Asubuhi hii nilimpigia; ni yeye tu anayejua ninachosoma. Ningeweza kubahatisha jibu jingine, ila nilitaka kuelewa kwanza.

"Kamwene, mama. Vitunguu vikijaa, bei inashuka?"

"Bei ya gunia ipo palepale. Gunia ndo linaota kichwa."

"Kwa hiyo haishuki."

"We msomi gani? Vikiwa haba, wanachukua debe sita. Vikijaa, wanataka lumbesa, wanajazia mpaka debe tisa na kushonea kamba juu. Hela ileile. Hapo mi nimepanda au nimeshuka?"

Nilihesabu madebe kwa vidole.

"Umeshuka, mama."

"Haya. Na hiyo siri yako ipo salama. Huku nimesema unasomea kompyuta."

Miaka yote hiyo nilitazama hela mkononi mwake. Yeye alikuwa anatazama gunia. Bei ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu, debe moja baada ya jingine, na mimi nimekalia debe.

Saa nne nilifungua mtihani. Saa tano nilikuwa nimefaulu. Nililia kidogo, kisha nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Imebaki takwimu, na ile fomu ya msaada inasamehe kozi mbili tu. Kwa hiyo kama unajua kozi nyingine inayosamehe ada, nitafute, lakini hivi. Usije dirishani kwangu. Usipige simu ya ofisi, anapokea Mama Rehema. Andika hapa chini kwenye maoni, usitaje masomo. Uliza kwanza kama nanunua vitunguu, nami nitajua umekuja kwa lipi. Nitakujibu saa saba mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula.

Ukitaja bei, sema na gunia ni la debe ngapi.