Taa ya Uwanja Wako

Nyumbani, chumba cha kushonea,
Jumamosi, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameanza kutambaa? Na yale mafua yako yameisha, au bado unajifanya mgumu, hutaki dawa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na wa kulaumiwa ni shemeji yako.

Unamjua Fundi, hawezi kuona waya akauacha. Tangu uanze kurusha kile kindege cha mizigo, ananiona sina raha. Basi akachora ramani kwenye ubao, akatoboa tundu kila penye uwanja wa ndege, akatia taa ndogo. Hali ya hewa inaingia yenyewe kutoka mtandaoni. Kijani, anga safi. Bluu, mawingu kiasi. Nyekundu, mawingu yamelala chini na rubani haoni pa kutua.

Akaitundika mbele ya cherehani yangu, eti nitulie. Nitulie! Jicho moja kwenye sindano, jingine ukutani. Juzi nimemshonea mteja mkono wa kushoto upande wa kulia, kanirudishia gauni bila hata salamu.

Jumanne taa yako, ile ya uwanja unakotua, ilikuwa kijani kutwa. Niliimba mpaka Fundi akaomba nipunguze sauti. Jioni ukapiga simu, ukasema, "Safi tu, dada, wala hakukuwa na neno."

Jana sasa. Taa yako ikawaka nyekundu, simu yako haipatikani. Jamani! Nilimfokea Fundi utadhani mawingu kayaleta yeye. Ulipopiga baadaye ukilalamika kwamba jua linakuchoma utosi tangu asubuhi, nilicheka huku nalia. Fundi hakucheka. Alikuna kichwa, akauteremsha ubao.

Kumbe taa zile ziko kwenye waya mmoja, zinafuatana kama shanga. Kuna kiwanja kimoja kidogo kilifungwa, hakitoi tena habari. Fundi hakukiondoa kwenye mpango wake, habari ya kiwanja kinachofuata ikaziba nafasi yake, basi kila taa kuanzia hapo ikawa inaonyesha hali ya jirani yake. Nilikuwa nalilia uwanja wa watu!

Akarekebisha. Halafu, kwa kiherehere chake, akatafuta kwenye simu hali ya Jumanne pale ulipotua. Radi, mvua, na upepo wa kung'oa mabati. Alinisomea neno kwa neno.

Kwa hiyo ubao ulinidanganya kwa bahati mbaya, wewe ukanidanganya makusudi. Mdogo wangu, nimekubeba mgongoni tangu mama alipotutoka. Sauti yako naijua, na bado ukanipiga chenga. Radi naiogopa, sikatai. Lakini sasa naogopa zaidi hilo "safi tu" lako, maana sijui nyuma yake kuna nini. Niambie ukweli hata kama nitatetemeka. Kutetemeka nimeshazoea.

Nakuandikia kwa sababu taa yako ni nyekundu hivi sasa, na safari hii ni yako kweli. Simu haipatikani. Mikono imekataa kushika sindano, nimeona ishike kalamu. Fundi anajifanya anapanga nyaya, anazipanga zilezile na kuzipangua.

Nisalimie wifi, mwambie nguo za mtoto ziko tayari, nimezipima mikono yote miwili. Mtoto mbusu mashavu. Baba mdogo anakusalimu sana, yeye nimemficha haya yote kwa sababu ya presha yake. Mungu akushike ukiwa juu, akupokee ukishuka.

Imegeuka kijani! Sasa hivi, naandika hapa. Fundi amepiga makofi, ananiambia niweke kalamu chini, mambo yamekwisha. Lakini taa hii inajua habari za uwanja tu, habari zako haizijui. Simu nimeipakata mapajani. Bado haijalia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Mama Cherehani.