Jino Langu na Mtani Aliyenyamaza

Jumanne. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la mtaa wetu wa Ipuli limenijaa mpaka kwenye nywele. Sukari imefika duka la ushirika na foleni ni ndefu, wala sikujipanga. Sijali hata kidogo.

Shajara, nina jino!

Nacheka peke yangu kila nikipita mbele ya kioo. Mume wangu ameshaniuliza kama nina homa.

Tangu jino la mbele livunjike, nimekuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima huku nimeziba mdomo kwa upindo wa kanga. Wanafunzi wangu, wengi wao mama wenye wajukuu, walidhani ni adabu. Haikuwa adabu. Niliona aibu, basi. Na kesho viongozi wanakuja kukagua kisomo, na mimi ndiye wa kusoma mbele yao.

Wiki iliyopita daktari wa meno aliniziba kwa dawa mpya, nyeupe, laini kama unga uliokandwa, ambayo haikazi mpaka imulikwe kwa taa ya mwanga wa buluu. Ajabu tupu! Lakini daktari ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, watani tangu enzi za babu zetu waliobeba pembe kwenda pwani. Angewezaje kuniona nimeachama, siwezi kujibu, halafu asinitanie? Taa inawaka, yeye anasema, "Kumbe dawa ya kumnyamazisha Mnyamwezi ni taa!" Nikacheka kwa mwili mzima, taa ikayumba, naye akacheka kuliko mimi.

Jioni ile nikatafuna karanga, kipande cha dawa kikang'oka.

Nilikiokota. Juu kigumu kama kokoto, lakini chini ukucha ulizama kama kwenye nta.

Leo daktari alikitazama akaacha kucheka. Akanieleza kwamba mwanga hauingii mbali. Dawa iwekwe kidogo kidogo, kama tunavyokandika ukuta, kila tabaka limulikwe mpaka likaze, na taa ikae karibu, itulie. Mara ya kwanza aliiweka yote kwa mpigo, tena kwa vicheko. Tukapatana: utani marufuku mpaka amalize.

Sijawahi kuona mwanamume akiteseka vile! Tabaka la kwanza, kimya. La pili, mashavu yamemvimba. La tatu nilifumba macho kabisa, maana nikimtazama tu tumekwisha.

Akazima taa, akachokonoa kwa kijichuma chake juu, pembeni, nyuma. Hakuna kilichobonyea. Hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi: "Haya, nenda kawang'ate Wanyamwezi wenzako." Nikamwambia asogeze mkono, nianze na Mzaramo.

Jioni hii nimetafuna karanga makusudi.

Limekaa!

Kanga nimeikunja, nimeirudisha sandukuni. Kesho nasoma mdomo wazi. Sijui tu nitasomaje, kwa jinsi ninavyotaka kutabasamu.