Namba Nilizosomea Mlangoni

Bi Salme, amahoro. Naandika kwako wewe unayejibu barua za wenye shida. Mimi ni mama yake Raisa, yule anayesoma hesabu za takwimu kaminuza, chuo kikuu cha Bujumbura, wa kwanza katika ukoo wetu, na hapa soko ya Rumonge hakuna muuza mawese asiyejua hilo maana nimewaambia wote, wengine mara mbili. Basi mwanangu anaandika mémoire, kitabu cha kumalizia masomo, juu ya ziwa, akasimika mti wenye alama za santimetre pale ufukoni akaniambia, "Mama, wewe ndiye mupimaji wangu, kila asubuhi shuka usome maji yamefika wapi, kisha uhesabu nyumba zilizoingiwa, uandike mu kaye, daftari hili," nami nikashuka miezi mingi, ila mawimbi yakipanda viboko nao wanakuja hadi karibu ya ule mti, na mimi kiboko namwogopa sana, kwa hiyo siku hizo nilisimama mlangoni kwangu nikakisia maji kwa macho, santimetre mia na hamsini, mia mbili, nikaandika kwa mwandiko muzuri kabisa.

Juma lililopita Raisa akaja na mchoro. Akasema hesabu yake inaitwa GAM, inaachia mustari ujipinde wenyewe kufuata namba, na wetu umepanda kidogo kisha ukalala, maana yake hata ziwa likizidi, nyumba zinazoingiwa haziongezeki sana. Nilipiga vigelegele! Jirani yangu Agata, aliyehama na watoto wanne maji yalipomufukuza, akautazama akasema, "Kama ni Raisa amesema, Jumamosi narudi kwangu."

Tangu hapo nikisikia wimbi naona wale watoto ndani ya maji. Alhamisi Raisa anasimama mbele ya walimu. Nikisema, namuharibia mutoto diploma. Nikinyamaza, je? Nisaidie, naogopa.

Zuwena, mama Raisa

* * *

Mama Raisa, kumwogopa kiboko si kosa, hata mimi ningebaki mlangoni. Kosa ni kuandika makisio kama vipimo. Na tazama yameangukia wapi: siku za mawimbi, zile zile za hatari! Nimemuuliza mwalimu mmoja wa hesabu. Anasema ukikisia mara juu mara chini, siku mbaya na siku nafuu zinachanganyika, na mustari unalala hata kama ziwa halijalala. GAM haijui ulisimama wapi. Raisa naye hajui. Wewe unajua.

Fungua kaye. Namba zinazoishia na sifuri, nyingi ni za mlangoni, zizungushie kalamu nyekundu. Mpigie Raisa leo, aombe walimu wamwongeze siku. Halafu tafuta mvuvi mwenye mtumbwi, asome mti kwa karibu wakati wewe unakisia mlangoni, siku ishirini, muandike namba zote mbili. Tofauti ya hizo mbili ndiyo Raisa anaihitaji kurekebisha mustari. Diploma itachelewa, basi.

Lakini kabla ya simu, nenda kwa Agata. Mwambie asirudi, na sababu umpe. Ukifika, usianze na kaminuza ya Raisa. Anza na "Nilidanganya."