Akina Apostolos Wawili wa Nyumba ya Ntinas

UMOJA WA WENYEJI WA KARIDIA (KIJIJI KILICHOFUNIKWA NA BWAWA)
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumapili, 8 Novemba 2009, ghorofani juu ya mkahawa, Trikala

Waliohudhuria: Stergios Bakolas (Mwenyekiti), Zisis Mourtos (Katibu), Mzee Apostolos Ntinas (Mjumbe), Lambrini Gatsa (mtengenezaji wa kanzidata ya watu na nyumba za kijiji, kwenye kompyuta).
Asiyehudhuria: Thanasis Roidis. Hakutoa udhuru. Wajumbe walipopanda ngazi walimwona chini akicheza karata.

KUMB. NA. 1/2009: NYUMBA
Bi. Lambrini alieleza kwamba awali kila mtu aliandikwa pamoja na maelezo yote ya nyumba yake, hivyo nyumba moja ilirudiwa kila alipoandikwa mkazi wake, na ikirekebishwa huku, kule inabaki na kosa. Sasa nyumba zina jedwali lao na watu lao, na mtu anaelekezwa tu kwenye nyumba yake. Ameweka pia faharasa ya majina, ili kompyuta isisome kijiji kizima ikimtafuta mtu mmoja.

Zilipotajwa nyumba, kikao kilisimama. Mwenyekiti alikumbuka tanuri la mkate la kina Mourtos na harufu yake Jumamosi. Katibu, ambaye ni wa nyumba hiyo, anaandika kinyume cha utaratibu kwamba harufu hiyo anaitamani mpaka leo.

KUMB. NA. 2/2009: MALALAMIKO YA MZEE APOSTOLOS
Mzee Apostolos alilalamika: "Nimejitafuta humo, naambiwa nilikufa kwa homa nikiwa na miaka minne." Mwenyekiti alisema, "Ndiyo maana vikaoni tunakuona kwa nadra."

Bi. Lambrini alikiri kwamba alimtambua mtu kwa jina, ukoo, jina la baba na nyumba. Apostolos Ntinas walikuwa wawili, kila kitu sawa, akadhani ni mmoja kaandikwa mara mbili, akawaunganisha. Mzee alimweleza: "Wa kwanza alikufa, mwanangu. Mimi nikazaliwa, nikapewa jina lake. Kwetu ndivyo ilivyokuwa."

Mwenyekiti alipendekeza ifutwe tarehe ya kifo, Mzee awe hai, mambo yaishe. Mzee alikataa katakata. Alisema: "Makaburi yako chini ya maji. Picha hana. Mkimtoa na humo, atakuwa amebaki wapi?"

KUMB. NA. 3/2009: NAMBA
Bi. Lambrini alishauri kila mtu apewe namba yake, isiyojirudia wala kubadilika, hata majina yakifanana. Mwenyekiti alipinga, akisema watu si ng'ombe wa kupigwa chapa. Bi. Lambrini alijibu, "Namba ni ya mashine, mjomba. Majina yanabaki yao." Katibu aliunga mkono. Mwenyekiti alisema Katibu huunga mkono chochote asichokielewa. Hata hivyo, ilipitishwa.

Marekebisho yalifanywa hapo hapo, na watu wa nyumba ya Ntinas wakaitwa kwenye kompyuta kwa mpangilio wa miaka ya kuzaliwa. Walitokea akina Apostolos wawili, mmoja chini ya mwingine. Mzee aliomba miwani ya Katibu, akasoma kwa muda mrefu. Kisha alisema: "Tangu utoto naitwa mkubwa wa nyumba. Kumbe na mimi nina kaka."

Hapakuwa na mengineyo. Kikao kilifungwa saa moja na nusu jioni, Mwenyekiti akiwa amekwisha kutoka nje kuvuta sigara.

S. Bakolas, Mwenyekiti ....................
Z. Mourtos, Katibu ....................