Kompyuta Imekauka, Evelina Hajarudi

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, Kitahana yote matope.

Nina heshima kubwa kuutangazia umma wa wasomaji wangu wachache, akiwemo mke wangu anayesoma kwa kulazimishwa, kwamba leo, mbele ya wazazi wa shule yetu, nimewasha kompyuta. Imewaka. Nimepigiwa makofi.

Niliivalia na tai.

Wafadhili walituletea kompyuta chache za majaribio, zile ndogo za watoto, za bei nafuu. Wazazi wakiafiki, zinakuja za darasa la saba zima. Kikao cha leo kilikuwa cha kuamua, na mtetezi wake ni mimi, maana ndimi mwalimu pekee ninayejua kuizima bila kung'oa betri.

Baba Eliya, muuza maharage, ndiye aliyeanza. "Mwalimu, choo cha wasichana kimeanguka, wewe unatuletea televisheni za kubeba. Wakibanwa wazifungue wajifiche nyuma yake?"

Wazazi wote wakacheka. Hata mimi.

Ndipo nikatoa silaha yangu: ile kompyuta iliyomponyoka Evelina, mwanafunzi wetu wa darasa la saba, akivuka mto kwenda nayo nyumbani. Niliianika dirishani wiki nzima, naigeuzageuza kama dagaa. Nikasema, oneni, haiogopi maji! Nikabonyeza. Makofi.

Akasimama Mama Evelina. Hakupaza sauti.

"Kumbe imekauka, mwalimu. Imekauka lini?"

Nikamjibu kwa fahari, mpumbavu mimi, kwamba mbona siku nyingi.

"Na mwanangu mlimwambia?"

Hatukuwa tumemwambia.

Wazazi wa Evelina walikuja wakimbizi kutoka Burundi. Uraia wameupata ukubwani, na karatasi zake wanazitunza kuliko mbegu. Sisi walimu nasi tuna mazoea: chochote tunachomkabidhi mtoto, hata ufagio, tunamwambia, "Mali ya serikali hiyo, ukiiharibu utajibu." Watoto wengine wanasikia kelele za mwalimu. Nyumbani kwa Evelina walisikia uraia unaondoka. Wakampeleka kwa shangazi yake kijijini Titye, kule Kasulu, asiwepo mtu wa kushtakiwa.

Sisi tukamwandika mtoro. Nilikuwa na muda wa kuanika kompyuta. Wa kwenda kwao sikuwa nao.

Kwa hiyo ukweli wa leo ni huu. Wazazi hawakuamua lolote. Nilimwomba mama yake apige simu palepale. Evelina akapokea, "Shikamoo mwalimu," sauti ndogo. Nikamwambia kompyuta imepona, hakuna kesi, rudi, mtihani umekaribia.

Akauliza, "Mwalimu, mnataka nirudi ndiyo mnishike?"

Akakata. Tumepiga tena na tena, haipatikani. Mama yake aliichukua simu yake mkononi mwangu bila kunitazama, akajitanda kanga, akatoka mvuani.

Kesho napanda gari la Kasulu. Kompyuta iko hapa mezani, inawaka vizuri kuliko zote.

Niibebe aione kwa macho yake, au akiiona mkononi mwangu ndiyo atakimbia moja kwa moja?