Katibu Kijana wa Tawi Letu

Kwamndolwa, Jumapili

Sijawahi kumwambia mtu kwamba natamani sana kuzungumza kwenye mikutano ya chama cha babu. Nikichota maji huwa narudia hotuba kimoyomoyo.

Chama kimeshindwa chaguzi tatu, lakini mikutanoni bado wanaume tu ndio husema. Bibi akiwa na hoja humwambia babu nyumbani, naye huisema kama yake.

Leo mkutanoni ilisomwa barua ya makao makuu iliyotaka kila tawi lipate katibu kijana. Babu, mwenyekiti wetu, aliuliza nani yuko tayari.

"Vijana wote wako kwenye bodaboda," mzee mmoja akasema. Wakacheka.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nikawaza, babu akikasirika je?

Niliweka birika chini, nikapita katikati ya wazee, nikasema, "Shikamooni. Nipo mimi."